Baba mgane wa miaka 76: takwimu za kujiua uzeeni zinasema nini, na wewe ufanye nini

SWALI: Daktari, habari za kazi. Baba yangu ana miaka 76. Mama alifariki miezi saba iliyopita, tukaona si vyema abaki peke yake, tukamleta kwangu. Hana shida ya fedha, hajawahi kuugua akili, na nyumbani tupo watu watano. Lakini siku hizi hasemi sana, chakula anakigusa tu, na wiki iliyopita alivua saa yake ya mkononi akampa mwanangu, akamwambia, "Chukua, kwangu haina kazi tena." Nimesoma kwamba wanaume wazee ndio wanaojiua zaidi. Ni kweli? Na kama ni kweli, kwa mtu mmoja kama baba ina maana gani? Naogopa kumuuliza nisije nikampa wazo ambalo hakuwa nalo.

JIBU: Poleni sana kwa msiba. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo lisilongoja: muulize, tena leo. Kumuuliza mtu kama anawaza kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Jambo hili limechunguzwa mara nyingi, na tafiti hazionyeshi kwamba swali huongeza mawazo ya kujiua. Aliyekuwa nayo mara nyingi hupata nafuu kwa kuwa sasa yupo mtu anayejua. Saa peke yake isingenitisha. Wazee hugawa vitu vyao wakiwa na akili timamu na moyo mweupe. Kinachonifanya niseme "leo" ni maneno yaliyoandamana na saa hiyo, pamoja na ukimya na chakula kisicholika, na yote hayo ndani ya mwaka wa kwanza wa kufiwa na mke.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Chagua saa ambayo nyumba imetulia. Kaa karibu naye, upande wa sikio linalosikia vizuri, na zima televisheni. Kama ana kifaa cha kusikia, hakikisha amekivaa na betri haijaisha. Wazee wengi wanaosemwa "hajibu mtu siku hizi" hawakusikia walichoulizwa, wakaona haya kusema hivyo. Anza na lililo wazi: "Baba, tangu mama aondoke, siku zako unazionaje?" Mwache ajibu hata kimya kikirefuka. Kisha teremka taratibu: "Kuna siku unatamani usiamke asubuhi?" Akikubali, usishtuke mbele yake. Endelea: "Umewahi kuwaza kujiua?" Akikubali tena: "Umefikiria utafanyaje? Umeandaa kitu chochote? Umefikiria ni lini?" Tumia neno lenyewe, kujiua. Ukizungukazunguka na "kufanya jambo baya", anaweza kukujibu "hapana" huku akiwa na maana nyingine kabisa.

Mazungumzo haya huharibika kwa njia tatu ninazoziona mara kwa mara. Ya kwanza ni swali lililokwisha kubeba jibu: "Baba, wewe huwazi mambo ya ajabu, au sivyo?" Hapo umemwambia jibu unalolitaka, naye atakupa. Ya pili ni kumhubiria au kumsuta kabla hajamaliza sentensi. Atajifunza kwamba jambo hili halisemeki kwako, na hatalirudia. Ya tatu ni kuahidi siri. Usiahidi. Mwambie wazi kwamba usalama wake utakulazimu kumshirikisha daktari, lakini hutatangaza kwa ukoo mzima.

Sikiliza pia tofauti kati ya mzee aliyejiandaa kufa na mzee anayetaka kufa. Wa kwanza atasema "nikiitwa, nipo tayari", kisha akaulizia habari za wajukuu na kudai chumvi zaidi kwenye mboga. Wa pili haoni sababu ya kesho kuja. Kauli kama "bora mimi niondoke mpumzike" ni ya kundi la pili, hata ikisemwa kwa utani.

Kama jibu lake linaonyesha kuna mpango, kuna maandalizi au kuna siku aliyoiweka akilini, hiyo ni dharura sawa na maumivu makali ya kifua. Asiachwe peke yake hata dakika kumi, apelekwe siku hiyo hiyo kwenye hospitali yenye huduma ya dharura, na kabla hamjatoka mtu mmoja aondoe nyumbani kila kitu anachoweza kujidhuru nacho. Kama yapo mawazo bila mpango, una siku chache za kumfikisha kwa daktari. Wiki kadhaa ni nyingi mno.

Sasa takwimu. Ndiyo, ulichosoma ni kweli, ila kinahitaji kusomwa kwa makini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 727,000 walijiua mwaka 2021, na karibu robo tatu yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ukihesabu vichwa, vijana na watu wa makamo ni wengi zaidi, kwa sababu duniani wao ndio wengi. Ukihesabu kiwango, yaani vifo kwa kila watu 100,000 wa umri fulani, picha inageuka: ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba karibu katika kila eneo la dunia kiwango kikubwa kabisa ni cha watu wa miaka 70 na kuendelea, wanaume kwa wanawake. Katika baadhi ya nchi tofauti ni kubwa mno. Marekani, kiwango cha wanaume wa miaka 75 na zaidi kimepita 40 kwa kila 100,000, wakati cha nchi nzima ni takriban 14.

Hata hizo huenda ni pungufu. Kifo cha mtu wa miaka 80 aliyekuwa na ugonjwa wa moyo hakichunguzwi sana. Daktari huandika "moyo" na familia huzika. Mzee aliyeacha kwa makusudi kula au kumeza dawa zake haingii kwenye daftari la waliojiua. Na pale ambapo kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai, au ni aibu inayobaki juu ya jina la familia, watu wana kila sababu ya kukubali maelezo mengine.

Kuna takwimu moja ninayotamani kila familia ingeijua kuliko hizo zote. Kwa vijana, majaribio ya kujiua ni mengi kuliko vifo, mara makumi mengi au zaidi ya hapo. Kwa wazee, inakadiriwa kuwa takriban majaribio manne kwa kila kifo kimoja. Sababu si fumbo. Mwili wa mzee hauna akiba ya kustahimili jeraha ambalo kijana angepona. Mzee hupanga kwa utulivu na kuchagua saa ambayo hakuna mtu wa kumkuta. Hatoi vitisho wala hafanyi vurugu za kutangulia. Kwa hiyo lile jaribio la kwanza, ambalo kwa kijana mara nyingi ndilo linaloiamsha familia, kwa mzee huenda lisiache nafasi ya kuamka. Ndiyo maana kwa umri huu kazi yote ya kinga iko kabla ya jaribio.

Lakini umri wenyewe si sababu. Wazee walio wengi wanaridhika na maisha yao, wengine kuliko vijana. Kinachoua ni vitu vinavyorundikana katika umri huo na kukata nyuzi zilizomshika mtu: mwenzi, kazi, afya, nyumba, nafasi yake miongoni mwa watu. Watafiti wa magonjwa ya akili ya uzeeni hupenda kuvipanga katika mafungu matano: sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka), maradhi ya mwili, kupungukiwa na uwezo wa kujihudumia, kukatika kwa mahusiano, na kuwa karibu na kitu cha kujidhuria. Mawili yakikutana hatari hupanda. Yakikutana manne, hupanda sana. Baba yako tayari ana moja bila shaka, yaani kukatika kwa mahusiano, na dalili za jingine.

Najua utaniambia haishi peke yake. Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Tangu mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim alipochapisha utafiti wake mwaka 1897, imeonekana mara kwa mara kwamba ndoa humkinga mwanamume dhidi ya kujiua kuliko inavyomkinga mwanamke, na kwamba kufiwa humwangusha mwanamume zaidi. Tafiti za Denmark, ambako kumbukumbu za raia wote zinaweza kufuatiliwa kwa miaka, zilionyesha kwamba hatari huwa juu kabisa katika mwaka wa kwanza baada ya mwenzi kufa, na kwamba wanaume waliopita miaka 80 ndio walioathirika zaidi. Kwa nini mwanamume? Kwa sababu katika nyumba nyingi mke ndiye aliyekuwa mlango wa mume kuingia kwa watu. Yeye ndiye aliyejua mtoto gani amepiga simu, jirani gani anaumwa, vidonge gani ni vya asubuhi na vipi vya usiku, lini ni siku ya kliniki. Mume alipata habari, chakula, dawa na wageni kupitia kwake. Mwanamke akifiwa, mara nyingi hubaki na dada, marafiki na watoto aliokuwa akiongea nao yeye mwenyewe. Mwanamume akifiwa, hupoteza mke na pamoja naye wale wote waliokuja kwa sababu ya mke.

Kisha akahamishwa. Mlifanya kwa upendo na sikulaumu, ila fikiria siku ya kawaida ya baba yako. Saa moja asubuhi watu wanne wanatoka, wengine kazini, wengine shuleni. Anabaki na televisheni. Jioni mnarudi mmechoka. Mnamwamkia, mnamwekea chakula, kila mtu anashika simu yake. Hajui majirani. Kazi alizokuwa akizifanya kwake, hata zile ndogo za kufunga lango na kukagua bomba linalovuja, hapa kuna anayezifanya. Akitaka kunyanyua ufagio anaambiwa, "Baba, pumzika." Kila "pumzika" inasemwa kwa heshima, na kila moja inamwondolea sababu moja ya kuamka. Katika kipimo cha kijamii mtu huyu yuko peke yake kwa saa kumi kila siku, ingawa karatasi ya sensa itaandika kaya ya watu watano.

Mwanasaikolojia Thomas Joiner alipendekeza mwaka 2005 kwamba hamu ya kujiua hutokana na hisia mbili zinapokutana: "sina watu" na "mimi ni mzigo". Kwa wazee ninaona ya pili ndiyo nzito. Mzee aliyelea familia nzima hawezi kuzoea kwa miezi saba kuwa mtu wa kuhudumiwa. Akifanya hesabu kichwani kwamba nyumba ingepumua kama asingekuwepo, hesabu hiyo kwake inaonekana ni ya busara, hata ya upendo. Hamtaifuta kwa kumwambia "wewe si mzigo". Inafutwa na jambo linalomhitaji kweli.

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi kwa kuwa umesema hazimsumbui. Umaskini wa uzeeni ni sababu kubwa duniani. Korea Kusini ndiyo mfano unaojulikana zaidi: nchi ilitajirika kwa kasi, watoto wakahamia mijini, pensheni zikawa changa na ndogo, na takriban watu wanne katika kila kumi wenye umri wa zaidi ya miaka 65 wakawa chini ya mstari wa umaskini wa nchi hiyo. Karibu mwaka 2010 kiwango cha kujiua cha kundi hilo kilikuwa kimepita 80 kwa kila 100,000. Baadaye kilishuka kwa takriban nusu, katika miaka ambayo serikali ilipanua pensheni ya msingi na kupiga marufuku kiuatilifu kimoja kikali, yaani sumu ya shambani, kuanzia 2011 na 2012. Hata hivyo, muulize baba yako yeye mwenyewe kuhusu fedha. Mtu mwenye pensheni anayoshikiwa na mtoto "ili asisumbuke" anaweza kujiona fukara.

Elimu, dini, kuishi mjini au kijijini: yote yana uhusiano na kujiua, lakini unabadilika kutoka nchi hadi nchi, na hayakusaidii kumwelewa baba. Nitaje moja tu. Katika China ya vijijini kiwango cha wanawake wazee kimekuwa karibu na cha wanaume, tofauti na Ulaya na Marekani ambako wanaume huzidi mara kadhaa na pengo huzidi kupanuka kadiri umri unavyosonga. Kwa hiyo hakuna maumbile ya kiume yanayolazimisha jambo hili. Ni namna jamii inavyompanga mtu na inavyomwachia, au kutomwachia, mahali pa kuegemea.

Maradhi ya mwili yanastahili uzito kuliko familia nyingi zinavyoyapa. Utafiti wa Ontario, Canada, uliochapishwa mwaka 2004 ulihusisha kujiua kwa wazee na kushindwa kwa moyo, ugonjwa sugu wa mapafu, kifafa, kushindwa kuzuia mkojo na, zaidi ya yote hayo, maumivu makali. Mwenye maradhi kadhaa kwa pamoja alikuwa na hatari kubwa kuliko mwenye moja. Angalia ule wa mkojo. Hauui, lakini humfungia mtu ndani, humfanya akatae safari na kukaa mbali na watu kwa kuogopa harufu. Baba yako anaweza kuwa amekataa kwenda ibadani au kwa rafiki kwa sababu hiyo tu, na hatakwambia mpaka aulizwe faragha, pengine na mwanamume mwenzake. Kupungua kwa usikivu na uoni hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Sonona ndiyo kiungo kinachoyafunga haya yote, na usiliegemee sana lile la "hajawahi kuugua akili". Wazee wengi wanaojiua walikuwa na sonona iliyowapata kwa mara ya kwanza uzeeni, ya kiwango ambacho kingetibika, na haikutibiwa. Haikuonekana kwa sababu uzeeni haifanani na huzuni ya machozi. Mzee atasema hana usingizi, tumbo limejaa, mgongo unauma, anasahausahau, au atakuwa mkali bila sababu. Watu husema "ni uzee". Zaidi ya nusu ya wazee waliojiua walikuwa wamemwona daktari wa kawaida ndani ya mwezi wa mwisho wa maisha yao, mara nyingi kwa malalamiko ya mwili, na wengi hawakuulizwa swali lile ulilokuwa unaliogopa wewe.

Sasa takwimu hizi zina maana gani kwa mtu mmoja? Ukichukua hata kile kiwango cha juu cha 40 kwa kila 100,000, bado watu 99,960 hawakujiua mwaka huo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya tafiti 365 za miaka 50, ulionyesha kwamba vigezo vya hatari tunavyovijua vinatabiri nani atajiua kwa uhakika unaozidi bahati nasibu kidogo tu. Ndiyo maana siamini zile orodha za "dalili kumi" ambazo mtu anahesabu alama kisha anapumua au anaogopa. Sababu za kijamii na za umri hazikuambii nani atakufa. Zinakuambia wapi na lini pa kuangalia. Nyakati zenye hatari zinajulikana: mwaka wa kwanza wa kufiwa, hasa miezi ya mwanzo, wiki za kwanza baada ya kutoka hospitalini, na zaidi wodi ya magonjwa ya akili, miezi mitatu ya kwanza baada ya kuambiwa ana ugonjwa wa kusahau, na kipindi cha kuhamishwa kutoka nyumba yake. Baba yako yumo katika mbili kati ya hizo kwa wakati mmoja.

Basi tuingie kwenye kazi. Kwa daktari, usimpeleke ukaseme "mzee hali vizuri" tu. Andika karatasi moja: tangu lini amebadilika, uzito wake wa zamani na wa sasa, analala saa ngapi, anaamka saa ngapi (kuamka saa tisa usiku na kutolala tena ni dalili nzito), maneno aliyoyasema kuhusu saa kama yalivyo, pombe anayokunywa, na msiba. Beba dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na zile za duka la dawa na za miti shamba. Omba apimwe sonona kwa dodoso la wazee lenye maswali 15, ambalo halielemei kwenye dalili za mwili na hivyo halichanganywi sana na maradhi mengine. Vipimo vya damu vya maana ni wingi wa damu, sukari, figo na madini ya chumvi, tezi ya shingo, na vitamini B12. Upungufu wa damu na tezi iliyolala huiga sonona vizuri sana. Na dawa anazotumia zipitiwe moja moja.

Akianzishiwa dawa za sonona, mjue mambo manne ambayo yasipoelezwa huwafanya watu waziache. Kwa mzee huanza na kipimo kidogo, mara nyingi nusu ya cha mtu mzima wa kawaida, kisha hupandishwa. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi sita, na kwa baadhi ya wazee huchukua hadi kumi na mbili. Katika wiki za mwanzo chumvi ya sodiamu inaweza kushuka kwenye damu, hasa akiwa anatumia pia dawa za kukojosha. Akichanganyikiwa, akiyumba au akianguka, arudi hospitali siku hiyo hiyo. Na zisikatwe ghafla hata akijisikia vizuri. Kuna jambo la tano, la wewe kukesha nalo: nguvu za mwili zinaweza kurudi kabla moyo haujapona, kwa hiyo wiki za kwanza za matibabu si wakati wa kulegeza uangalizi. Mazungumzo ya tiba na mshauri nasaha husaidia wazee sawasawa na vijana. Asikudanganye mtu kwamba mzee habadiliki.

Nyumbani, anza na kuweka umbali kati yake na vitu vya hatari. Dawa zote za nyumba zifungiwe, zake zitolewe za wiki moja kwenye kisanduku chenye vyumba vya siku, na zilizobaki na zilizokwisha muda zirudishwe kwenye duka la dawa. Sumu za wadudu na za shambani zitoke kabisa. Silaha, kama ipo, ikae kwa mtu mwingine nje ya nyumba. Watu hudhani anayetaka atapata njia nyingine, lakini Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali zaidi mwaka 1995 na vingine baadaye, kiwango cha kujiua cha nchi nzima kilishuka hatua kwa hatua kwa zaidi ya asilimia 70. Wimbi la kutaka kufa hupanda na kushuka, na umbali huo humpa mtu muda wa kulivuka.

Kisha andikeni pamoja mpango wa usalama, kwa mkono wake au wako, herufi kubwa, karatasi moja. Uwe na vipengele sita: dalili anazozijua yeye kwamba siku imeanza kuwa mbaya; anachoweza kufanya peke yake kikamtuliza; mahali au mtu wa kumtoa kwenye mawazo; watu wawili au watatu anaoweza kuwaambia ukweli, na namba zao; daktari na namba ya dharura; na jinsi nyumba ilivyofanywa salama. Maneno yawe yake. Mpango ulioandikwa na watoto na kukabidhiwa mzee hubaki kwenye droo.

Kuhusu mahusiano, kuna somo kutoka Italia. Katika mkoa wa Veneto, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, zaidi ya wazee 18,000 walipigiwa simu takriban mara mbili kwa wiki na kupewa kifaa cha kuita msaada. Vifo vya kujiua miongoni mwao vilikuwa vichache sana kuliko vilivyotarajiwa, ila manufaa yalionekana kwa wanawake, si kwa wanaume. Miradi ya vijijini Japani iliyopima sonona na kuwakusanya wazee kwenye shughuli ilipata matokeo yanayofanana na hayo. Ninavyosoma mimi, wanaume wazee hawavutwi na mazungumzo kama mazungumzo. Huongea wakiwa wanafanya kitu bega kwa bega na mtu mwingine. Kwa hiyo usimtafutie baba "mtu wa kuongea naye". Mpe kazi yenye saa, inayoharibika asipoifanya: kumpokea mtoto anapotoka shule, kushika daftari la matumizi ya nyumba, kumfundisha mjukuu ufundi aliokuwa nao. Mtafute rafiki mmoja wa zamani, mmoja tu anatosha, na upange wawe wanapigiana simu siku inayojulikana. Mrudishe kwake kwa ziara, akague nyumba yake na akae na majirani. Na mruhusu amtaje mama. Nyumba nyingi huacha kumtaja marehemu ili mzee asiumie, naye anabaki kuwa mtu pekee anayemkumbuka.

Akikataa hospitali, na inawezekana sana, usianze na neno sonona. Anza na lile analolikubali mwenyewe: usingizi, mgongo, kukosa hamu ya kula. Mpelekee daktari ile karatasi mapema, kabla ya miadi, ili asikulazimu kusema mbele ya baba, na umwombe awe naye faragha kwa sehemu ya muda. Kama kuna mtu ambaye baba hakatai neno lake, kaka yake au kiongozi wake wa dini, mtu huyo ndiye aongozane naye. Lakini kama jibu la maswali ya leo litakuwa lile la mpango na siku, kukataa kwake hakubadilishi kitu: mnaondoka naye usiku huo huo, au mnaita huduma ya dharura ije mlipo.